UZI: Jinsi seli za kinga zinavyoujenga ubongo wa mtoto, na kwa nini kazi hiyo haifanani kwa wa kiume na wa kike

Mdadisi_Kiini

Wakuu, salaam.

Kila mada ya usonji ikifunguliwa humu, kuna swali hujitokeza halafu hupotea bila jibu: kwa nini wavulana ni wengi kuliko wasichana? Uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta karibu wavulana watatu kwa msichana mmoja. Skizofrenia nayo huwaanza wanaume mapema zaidi kuliko wanawake. Upande wa pili, baada ya balehe, sonona na wasiwasi huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume. Na magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wenyewe yamewaelemea wanawake hasa: katika lupasi, kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Majibu tuliyozoea ni mawili, homoni na malezi. Naleta la tatu, ambalo haliyafuti hayo mawili bali linatuonyesha homoni inapofikia kufanya kazi yake. Ni mfumo wa kinga. Kwa ninavyoona mimi, hili ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyogunduliwa kuhusu ubongo katika miaka ishirini iliyopita, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana nje ya maabara.

Ndani ya ubongo kuna seli ziitwazo mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezitofautisha na nyingine na kuzipa jina mwaka 1919. Hizi si neva. Ni seli za kinga, ndugu wa makrofaji zinazomeza vijidudu sehemu nyingine za mwili. Wala hazikuzaliwa ubongoni. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwa panya kwamba hutoka kwenye kifuko cha kiini cha yai siku za mwanzo kabisa za mimba, zikasafiri hadi kwenye ubongo unaochipua, zikabaki humo maisha yote zikijizalisha zenyewe. Kwa kijusi cha binadamu, mwezi wa pili wa mimba tayari zimo.

Maana yake, seli za kinga zinaingia ubongoni kabla sehemu kubwa ya neva haijazaliwa. Zinafanya nini humo, na adui hajaonekana? Zinajenga. Humeza seli zilizozaliwa kupita mahitaji, hupogoa sinapsi (viungio ambavyo neva hupitishia ishara kwa neva nyingine) zisizo na kazi, hutoa kemikali zinazozifanya neva zichipue. Mwaka 2012 ilionekana kwamba katika njia ya kuona ya panya, sinapsi zilizo dhaifu hutiwa alama na protini za komplementi, zilezile ambazo mwili hutumia kuwatia alama bakteria, kisha mikroglia huzimeza.

Sasa tuingize jinsia. Mtoto mwenye kromosomu Y ana jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa London mwaka 1990. Jeni hiyo ndiyo huanzisha korodani, na kuanzia karibu wiki ya nane ya mimba korodani hizo huanza kumwaga testosteroni. Mwaka 1959 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Kansas waliwapa simbilisi wenye mimba testosteroni, wakaona watoto wa kike waliozaliwa walikua na tabia za kujamiiana za dume. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo kwamba homoni ya tumboni huupanga ubongo kwa kudumu, na ile ya balehe huja kuamsha tu kilichokwisha kupangwa.

Miaka mingi iliyofuata watu waliamini kwamba homoni huingia kwenye neva, huwasha jeni, basi. Ndipo ikaja maabara ya Margaret McCarthy, Chuo Kikuu cha Maryland, na kukuta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Naendelea chini, acheni nipumue.

---

Bintisayari

Nipo mkuu, endelea. Nasoma biolojia mwaka wa pili na hili la mikroglia kuingia kabla ya neva hatujafundishwa.

---

Mdadisi_Kiini

Asante dada. Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kuna eneo dogo ndani ya haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia homoni, linaitwa eneo la prioptiki. Kwa panya dume ndilo linaloongoza tabia ya kujamiiana. Neva za hapo zina miiba midogo kwenye matawi yake, na juu ya kila mwiba hukaa sinapsi. Dume ana miiba takribani mara mbili ya jike, na tofauti hiyo huwekwa siku chache tu kabla na baada ya kuzaliwa.

Kwa panya, testosteroni ikifika ubongoni hubadilishwa na kimeng'enya cha aromatasi ikawa estradioli. Ndiyo, estradioli, ambayo wengi huijua kama homoni ya kike. Kwa panya ndiyo inayomjenga dume. Jike halipatwi nayo kwa sababu damu ya kijusi ina protini iitwayo alfa-fetoproteini inayoikamata estradioli kabla haijaingia ubongoni.

Kilichokutwa mwaka 2004 ni hiki: estradioli haiifanyi kazi hiyo ya miiba peke yake. Inaongeza kimeng'enya cha COX-2, na COX-2 inatengeneza prostaglandini E2. Hiyo prostaglandini mnaifahamu hata kama hamjui jina lake. Ndiyo hiyohiyo inayoleta homa na maumivu ukiugua, na ndiyo ambayo aspirini huizuia isitengenezwe. Watafiti walipompa panya jike mchanga prostaglandini E2, bila homoni yoyote ya kiume, alipokua akaonyesha tabia ya dume. Walipoizuia kwa dume mchanga, alipokua tabia yake ya udume ilipungua sana.

Hebu tuitazame vizuri. Kemikali ya homa, ya uvimbe, ya maumivu, ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na mwili kuuandaa ubongo wa dume. Huo si ugonjwa, ni ukuaji wa kawaida wa kila siku.

Basi swali likawa, prostaglandini hiyo inatoka wapi kwa wingi hivyo? Mwaka 2013 Kathryn Lenz na wenzake walitoa jibu: mikroglia. Dume mchanga ana mikroglia nyingi zaidi kwenye eneo hilo zilizo katika umbo la kuamka, la duara, bila matawi marefu. Prostaglandini huziamsha, nazo zikiamka huongeza prostaglandini nyingine, mzunguko unaojilisha wenyewe. Walipozituliza mikroglia kwa minosaiklini, dawa ya kuua bakteria ambayo pia hutuliza seli hizo, estradioli ikashindwa kazi. Homoni ipo, neva zipo, lakini bila seli ya kinga miiba haikuongezeka na tabia ya dume haikujengeka.

Miaka mitano baadaye, 2018, likaja la seli masti. Hizi ni zile zinazohusika na mzio, zinazomwaga histamini mtu akiumwa na nyuki. Kumbe zimo kwenye eneo la prioptiki la panya mchanga, na dume anazo zaidi. Estradioli huzifanya zimwage histamini, histamini huziamsha mikroglia, mikroglia hutoa prostaglandini, neva huchipua miiba. Seli za mzio zimesimama mwanzoni kabisa mwa mnyororo unaoutofautisha ubongo wa dume na wa jike! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudia ukurasa mzima kuhakikisha nimeelewa.

---

Fundi_Hoja

Mkuu nakuheshimu, lakini naona unatupeleka kwenye ile hoja ya kale kwamba mwanamume ana ubongo wake na mwanamke wake, kisha kesho mtu aje aseme wasichana hawawezi hesabu. Sayansi ya namna hii imewahi kutumika vibaya sana.

---

Mdadisi_Kiini

Hofu yako ni ya haki ndugu yangu, na sitaipita haraka.

Nilichoeleza ni eneo moja dogo lenye kazi moja kwa panya. Ukiondoka hapo, mambo hayaendi kwa mstari mmoja. Chukua amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia. Utafiti wa mwaka 2019 kutoka maabara hiyohiyo ya Maryland ulikuta kwamba kwa dume mchanga, testosteroni huongeza kemikali zinazofanana na za bangi ambazo ubongo hujitengenezea wenyewe. Hizo huzisukuma mikroglia kumeza seli changa, nyingi zikiwa zile ambazo zingekuwa astrosaiti, yaani seli zinazozihudumia neva. Dume akibaki na astrosaiti chache hapo, anapofika umri wa kucheza anacheza kwa nguvu zaidi, kukabana na kuangushana. Ukizuia kumezwa huko, mchezo wake unapoa ukafanana na wa jike.

Kisha nenda hipokampasi, eneo la kumbukumbu. Huko mikroglia za jike mchanga ndizo zenye ulaji mkubwa kuliko za dume. Mwelekeo umegeuka. Kwa hiyo hata ndani ya mnyama mmoja huwezi kusema "kinga ya dume iko juu" ukamaliza. Kila eneo lina hesabu yake.

Matokeo yake ndiyo aliyoyaonyesha Daphna Joel na wenzake mwaka 2015. Walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,400. Walikuta wachache mno ambao kila eneo la ubongo wao lilikuwa upande wa "kiume" mtupu au "kike" mtupu. Wengi mno ni mchanganyiko. Ukijua jinsi tofauti zinavyowekwa eneo kwa eneo, kwa kemikali mbalimbali na kwa saa tofauti, mchanganyiko huo ndio unaoutarajia. Biolojia ya kinga haiitetei ile hoja ya kale, inaibomoa.

Na kuna jingine la mwaka 2015 ambalo hulifikiria mara kwa mara. Vitabu vya zamani viliandika kwamba ubongo wa kike ndio unaobaki homoni ikikosekana, kana kwamba hakuna kazi inayofanyika. Sivyo. Ilionekana kwamba jeni za kuujenga udume zipo kwa jike pia, ila zimefungwa kwa vikundi vya methili, alama ndogo za kikemia zilizobandikwa juu ya DNA, na kufuli hiyo hutunzwa na vimeng'enya vinavyofanya kazi bila kukoma. Watafiti walipovizuia vimeng'enya hivyo kwa jike, hata baada ya dirisha la kawaida la siku za mwanzo kufungwa, ubongo ulihamia upande wa dume. Yaani ubongo wa kike unajengwa na unalindwa. Hauwi hivyo kwa kukosa kitu.

---

Takwimu_Tupu

Hoja nzuri, lakini karibu zote ni panya. Panya huzaliwa ubongo wake ukiwa nyuma sana ya wa mtoto wa binadamu, na umesema mwenyewe kwao kazi hufanywa na estradioli. Kwetu je? Tusije tukajenga ghorofa juu ya mchanga.

---

Mdadisi_Kiini

Mkuu Takwimu, hapo umegusa penyewe.

Kwanza homoni. Kwa binadamu ushahidi unaelekea kwenye testosteroni yenyewe kufanya kazi moja kwa moja, si kupitia estradioli. Tunajua kwa sababu wapo watu wenye kromosomu XY ambao miili yao haiwezi kabisa kuisikia testosteroni. Wana korodani ndani, na vipokezi vyao vya estrojeni ni vizima. Kama estradioli ndiyo ingekuwa mjenzi mkuu wa udume kwetu, wangetarajiwa wajione wanaume. Wengi mno hukua wakijijua ni wanawake, kwa mwili na kwa nafsi. Upande wa pili wako wasichana wenye hitilafu ya kuzaliwa ya tezi za adrenali, waliopata androjeni (homoni za kiume) nyingi tumboni. Kwa wastani, michezo yao utotoni huelekea zaidi ile ya wavulana. Nasema kwa wastani, kwa sababu baina yao kuna tofauti kubwa.

Pili, kinga. Huwezi kumfungua ubongo mtoto aliye hai, kwa hiyo ushahidi wa binadamu hutoka kwenye tishu za waliofariki. Mwaka 2016 Donna Werling, Daniel Geschwind na wenzao waliuliza: je, jeni zinazojulikana kuleta usonji hufanya kazi zaidi kwenye ubongo wa kiume? Jibu lilikuwa hapana. Lakini walipotazama jeni zinazopanda juu kwenye ubongo wa watu waliokuwa na usonji, nyingi zikiwa za mikroglia na astrosaiti, walikuta hizo ndizo zenye kiwango cha juu kwa wanaume hata wasio na usonji.

Nauona huu ni utafiti muhimu kuliko mwingine wowote katika uzi huu. Jeni za hatari wamepewa wote. Kinachotofautiana ni mazingira ambamo jeni hizo zinaangukia, na mazingira hayo kwa sehemu ni seli za kinga za ubongo. Mvulana huanza akiwa karibu zaidi na ukingo. Haithibitishi kwamba mikroglia ndizo zinazoleta usonji, na asije mtu akaondoka humu akisema hivyo. Lakini inakubaliana na yale ya panya, na imetoka kwa binadamu.

---

Bi_Mkunga

Wanangu hamjambo. Mimi nimezalisha miaka mingi, sasa nimestaafu. Sisi wakunga tunalijua jambo moja bila maabara: mtoto njiti wa kiume humwangalia kwa jicho la pili. Wakiwa wiki sawa na uzito sawa, wa kike hupambana zaidi. Mapafu, maambukizi, kutokwa damu ubongoni, wa kiume ndiye huanza kuyumba. Hayo unayoyasema yanahusiana?

---

Mdadisi_Kiini

Shikamoo Bi Mkunga. Karibu sana kwenye uzi huu.

Ulichokiona vitabu navyo vimekiandika: vifo vya watoto wachanga ni vingi zaidi kwa wa kiume karibu kila mahali panapohesabiwa, na njiti wa kiume wakipona hubaki na matatizo ya ukuaji wa ubongo mara nyingi kuliko wa kike. Sehemu ni mapafu, maana ya mvulana hukomaa baadaye kidogo. Sehemu ni kinga.

Kuna kazi ya Jaclyn Schwarz na Staci Bilbo ya mwaka 2012 inayofaa hapa. Walihesabu mikroglia kwa panya tangu tumboni hadi utu uzima. Siku nne baada ya kuzaliwa, dume alikuwa na nyingi zaidi kwenye hipokampasi, gamba la ubongo na amigdala. Baadaye, umri wa ujana na utu uzima, hali ikageuka na jike ndiye aliyekuwa na nyingi zilizoamka. Kwa ubongo wa panya, siku hizo za mwanzo hulinganishwa na miezi ya mwisho ya mimba kwa binadamu. Ndio wakati ule njiti anapozaliwa.

Ndipo unaweza kuona ule mgawanyo wa maradhi niliouanza nao ukifuata ratiba. Matatizo ya utotoni, wavulana. Ya baada ya balehe, wasichana. Kila mmoja anaelekea kuumia wakati mikroglia zake zina shughuli nyingi. Bilbo amelisema wazo hili kama dhana, nami nalileta kama dhana, lakini ni dhana inayoweza kupimwa.

Bilbo pia alionyesha jambo la kutisha kidogo. Panya mchanga akipata maambukizi ya bakteria siku ya nne, akapona kabisa, hukua akionekana hana tatizo. Kumbukumbu yake ni nzuri. Lakini akiugua tena ukubwani, mikroglia zake hujibu kwa nguvu kupita kiasi na kumbukumbu inavurugika. Seli zile hazifi wala hazibadilishwi haraka kama seli za damu, kwa hiyo hukumbuka.

---

Baba_Mapacha

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nina pacha, wa kiume na wa kike, walizaliwa kabla ya muda. Wa kiume amechelewa kusema. Mama yao aliugua homa kali akiwa na mimba ya miezi mitano na tangu hapo anajilaumu. Ukisoma haya utasema ni kweli kosa ni lake?

---

Mdadisi_Kiini

Hapana ndugu yangu, na tafadhali msomee haya yanayofuata.

Ni kweli kwamba ugonjwa wa mama unaweza kumgusa mtoto. Mlipuko wa rubela wa Marekani mwaka 1964 na 1965 uliacha watoto karibu 20,000 waliozaliwa na athari zake, na daktari wa akili za watoto Stella Chess alipowafuatilia baadhi yao aliona usonji umezidi sana kuliko kawaida. Lakini rubela ni kirusi kinachoingia ndani ya kijusi chenyewe. Homa za kawaida ni jambo jingine. Tafiti kubwa zinazokuta uhusiano kati ya maambukizi mazito ya mama na usonji hukuta ongezeko dogo, na idadi kubwa kabisa ya akina mama waliougua wakiwa na mimba huzaa watoto wasio na tatizo lolote. Hakuna daktari duniani anayeweza kumtazama mtoto mmoja akasema homa ile ndiyo iliyoleta hili. Isitoshe, pacha wote wawili walikuwa tumboni humohumo, siku hiyohiyo.

Kuchelewa kusema kwa mvulana njiti ni jambo la kawaida mno. Cha kufanya ni apimwe masikio kwanza, kisha mtaalamu wa lugha amwone mapema bila kusubiri. Umri wa njiti huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, angalau hadi miaka miwili. Hakikisha wanaompima wanalifanya hilo.

Mwambie mama yao mwili wake ulikuwa unapigana kuwalinda wote watatu.

---

Baba_Mapacha

Nimemsomea. Anashukuru. Masikio hayajapimwa, tunaanza na hapo.

---

Bi_Mkunga

Vizuri sana baba. Usingoje mwakani.

---

Bintisayari

Mkuu nina swali la kromosomu. Umeongea homoni tu. Lakini msichana ana X mbili, na tulisoma kwamba jeni nyingi za kinga ziko kwenye X. Hiyo haifanyi kitu?

---

Mdadisi_Kiini

Inafanya, na sana. Kila seli ya msichana huizima X moja, lakini kuzima huko si kamili. Jeni ya TLR7, inayotambua virusi vya RNA, iko kwenye X, na mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba katika baadhi ya seli za kinga za wanawake nakala zote mbili hubaki zikifanya kazi. Ndiyo sehemu ya sababu wanawake kwa kawaida hutoa kingamwili nyingi zaidi wakichanjwa, na ni sehemu ya sababu lupasi imewaelekea. Ushahidi mzuri ni wanaume wenye XXY: wana korodani, wana homoni za kiume, lakini hatari yao ya lupasi ni kubwa mara nyingi kuliko ya wanaume wenye XY na inakaribia ya wanawake.

Ili kutenganisha kromosomu na homoni, wataalamu wametengeneza panya ambao SRY imetolewa kwenye Y na kupandikizwa kwenye kromosomu nyingine. Hapo unapata panya wa XX mwenye korodani, na wa XY mwenye ovari. Ukilinganisha makundi yote manne unajua kipi kimetokana na nini. Ukiendelea na masomo yako hadi maabara, wapende panya hao, watakujibu maswali mengi.

Na ongeza bakteria wa utumbo. Mwaka 2018 panya waliolelewa bila kijidudu chochote walichunguzwa mikroglia zao. Kabla ya kuzaliwa, walioathirika zaidi walikuwa madume. Ukubwani, majike. Ratiba ileile imejirudia, hata pale chanzo kilipokuwa utumbo.

---

Fundi_Hoja

Nimekuelewa sasa, hasa hilo la kufuli ya methili. Swali la mwisho: kwa nini tumechelewa hivi kuyajua?

---

Mdadisi_Kiini

Kwa sababu wanasayansi wa ubongo kwa sehemu kubwa walikuwa wakitumia wanyama dume. Hoja ilikuwa kwamba jike ana mzunguko wa homoni unaoharibu vipimo. Hoja yenyewe ilikuja kupimwa, ikaonekana majike hawatofautiani baina yao kuliko madume wanavyotofautiana. Taasisi za taifa za afya za Marekani zilianza tu Januari 2016 kuwataka wanaoomba fedha waeleze watakavyoizingatia jinsia kwa wanyama na seli. Huwezi kuona tofauti usiyoitafuta. Linanikera hilo, kwa sababu waliolipia ni wanawake waliopewa dawa ambazo vipimo vyake vya mwanzo viliwaruka.

---

Takwimu_Tupu

Basi kama prostaglandini na mikroglia ndizo zinazojenga, je, mjamzito akinywa aspirini au dawa za jamii hiyo? Umesema aspirini huizuia.

---

Mdadisi_Kiini

Swali hili nililitarajia na nataka lijibiwe kwa uangalifu, maana wajawazito wanasoma humu.

Matokeo ya panya hayamwambii mjamzito abadili dawa yoyote. Dozi, wakati na hata homoni inayohusika si sawa. Lakini kuna sababu nyingine, za binadamu, zisizohusiana na jinsia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2020 kwamba dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni zisitumiwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba bila daktari kuagiza, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za kijusi na kupunguza maji ya uzazi. Onyo hilohilo limeitenga aspirini ya dozi ndogo, ambayo madaktari huwapa walio katika hatari ya kifafa cha mimba. Aliyeandikiwa hiyo asiiache kwa sababu ya uzi huu. Inaokoa maisha.

Na homa yenyewe si ya kuachwa iendelee. Mjamzito mwenye homa aende kituoni, atafutiwe chanzo na atibiwe. Chanjo ya rubela hutolewa kabla ya kushika mimba, si wakati wa mimba.

---

Bi_Mkunga

Hapo umenena. Niongeze hiyo minosaiklini uliyoitaja kule juu: ni jamii ya tetrasaiklini, nayo hatumpi mjamzito, inachafua meno ya mtoto na kukaa kwenye mifupa. Asije mtu akadhani ni dawa ya kutuliza ubongo wa kijusi.

---

Mdadisi_Kiini

Asante sana Bi Mkunga, nililisahau na ni la lazima. Hata kama ingekuwa salama kwa meno, kuzizima mikroglia zote za kijusi ni kuondoa seli zinazopogoa sinapsi na kusafisha mabaki ya seli zilizokufa. Panya waliozaliwa bila mikroglia, kwa kuondolewa kipokezi cha CSF1, ishara ambayo mikroglia huihitaji ili zikue, huwa na ubongo wenye kasoro na wengi hufa mapema. Kwa hiyo kinachotafutwa si kuzizima. Wanatafuta kujua ni ishara ipi, kwenye eneo lipi, siku ipi, ndipo waweze kuigusa hiyo peke yake. Kwa binadamu hakuna dawa ya namna hiyo leo.

Bintisayari, karatasi ya 2013 na ya 2019 nilizozitaja zote zinasomeka bure mtandaoni. Anza na ya 2019, michoro yake ni mizuri, ukikwama sehemu njoo uulize hapahapa.